Makaa Yaliyoiva

Kazi yangu, katika kiwanda kimoja cha shaba na kobalti hapa Likasi, ni kutunza vipima-gesi. Ni vifaa vidogo vinavyoenea kiganjani, vinavyobanwa kifuani karibu na pumzi ya anayevivaa. Kila asubuhi, kabla watu wa zamu hawajaingia penye matangi ya asidi, nakipitisha kila kimoja mbele ya chupa ya gesi ya majaribio. Kisicholia nakiweka kando, hata kama kioo chake kinang'aa kama kipya. Kisha nasema maneno ambayo wafanyakazi wanayajua kwa moyo, na ambayo wengine huyasema pamoja nami kwa sauti ya padri altareni: pua ni shahidi wa kutiliwa shaka. Gesi yenye harufu ya yai bovu huanza kwa kukuonya, lakini ikizidi huiua pua kabla haijakuua wewe, nawe ukadhani hatari imepita. Monoksidi ya kaboni, ile inayozaliwa na moto uliokosa hewa, haina hata uungwana huo wa kuonya. Haina rangi wala ladha wala harufu, na huingia katika damu na kukaa mahali pa hewa safi, kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.

"Chef, pua ya muke yangu inashinda aparei yako," fundi mmoja wa pampu aliniambia siku moja. "Nikikunywa kikombe moja tu, ananisikia tangu ku barabara."

"Basi mlete, tumvalishe kila mtu wa zamu," nilimjibu. Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo, kwa kuwa jambo hili silipendi lifanyiwe mzaha.

Nimesoma vitabu vya kutosha, na nimekaa katika mabaraza ya parokia kwa miaka ya kutosha, kuamini kwamba ukweli uliopimwa vizuri na kuelezwa kwa utulivu hupata njia yake. Nilikuwa nikiwafundisha watoto wangu hivyo mezani. Ninayoyasimulia hapa yalitokea nyumbani kwangu, mbele ya mlango niliouning'iniza mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, katikati ya majira ya baridi, binti yetu mkubwa alijifungua mtoto wake wa kwanza. Alipotoka hospitali ya uzazi alikuja kukaa kwetu, kama desturi inavyotaka. Mumewe ananunua na kuuza mawe ya madini kule Kamatanda, ambako zamani alikuwa mchimbaji, na anasali katika mojawapo ya yale makanisa yasiyojua sala ya dakika mbili. Yeye alibaki kwao akawa anakuja kututazama. Na wa kumtunza mzazi na kichanga alikuja mama mkwe wangu, kutoka kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, na kifurushi cha samaki wakavu na mamlaka ambayo hakuna mtu katika ukoo wa mke wangu aliyewahi kuyahoji.

Hapa sina budi kueleza kitu kinachoitwa buko, yaani heshima iliyopo kati ya mwanaume na mama wa mkewe. Simtazami usoni. Sili mbele yake. Tukikutana njiani, mimi ndiye ninayetoka njiani. Nikiwa na neno naye, nampa mke wangu alipeleke, na jibu hurudi kwa mlango huohuo. Wapo vijana wanaodhani hiyo ni dharau. Ni kinyume chake: kwa miaka yote ya ndoa yangu, mimi na mwanamke yule hatujawahi kugombana, na sijui wanaume wangapi wa mjini wanaweza kusema hivyo.

Kwa hiyo alipoingia chumba cha nyuma, chumba kile kilitoka mikononi mwangu. Kina mlango mmoja wa korido, mwingine wa uani, na dirisha dogo la vioo vya kukunja. Mbali na buko, kulikuwa na sheria ya kichanga: mpaka kitovu kikauke na kuanguka, chumba kinafungwa, baridi isiingie, na hakuna mwanaume anayekanyaga mle, hata baba wa mtoto.

Na baridi ilikuwepo. Alfajiri za Likasi mwezi wa sita zinauma mifupa. Mke wangu na mimi tulikuwa tumezungumza juu ya jiko la umeme, lakini mtambo wa Koni hupeleka umeme wake juu ya mapaa yetu kwenda mahali penye faida zaidi, na mtaani kwetu unakuja ukipenda. Kukabaki mbabula, lile jiko la bati lenye matundu linalopikia mji mzima. Mama mkwe wangu alilishughulikia kwa uangalifu ambao sijauona hata kwa baadhi ya wahandisi. Aliliwasha uani. Alingoja moshi uishe. Aliinama akanusa, akangoja tena, mpaka makaa, au makala kama tunavyosema kwetu, yamevaa jivu jeupe na hayana harufu yoyote. Hapo husema yameiva. Ndipo alipoliingiza chumbani, akafunga milango yote miwili, akasokota pagne kuukuu, yaani kitenge kilichochakaa, chini ya kila mmoja, na nyingine akaijaza kwenye vioo vya dirisha.

Hakuwa mzembe. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa ameondoa kila kitu ambacho pua inaweza kukishtaki, akabakiza kile ambacho haiwezi.

Jioni moja nilirudi na kipima-gesi kifuani, kwa kuwa wiki hiyo nilikuwa wa zamu ya dharura, na mwenye zamu hiyo hulala na kifaa chake ili akiitwa asichelewe. Nilipita kwenye korido, na mbele ya mlango wa mzazi kikaanza kulia. Nilidhani kimeharibika. Nikarudi sebuleni, kikanyamaza baada ya muda. Nikaenda tena mlangoni, kikalia tena, taa yake nyekundu ikipigapiga ukutani. Kilikuwa kimevuta, kupitia nyufa tu, kiasi ambacho kiwandani kingenifanya niwatoe watu wote nje. Na mimi nilikuwa upande wa nyufa. Wao walikuwa upande wa moto.

Nikamwita mke wangu kutoka jikoni. "Waambie wafungue mlango na dirisha, watoe mbabula. Sasa hivi."

Aliingia na kuufunga mlango nyuma yake haraka, kama mtu anayezuia kuku wasitoke. Nikasikia sauti ya mama mkwe wangu, ikielekezwa kwa binti yake lakini kwa ukubwa wa kunifikia.

"Ambia bwana yako, ile kintu yake inalia sawa kifaranga ya kupotea. Hapa tuko na mutoto. Ayende kuililisha ku usine, ku kazi yake."

"Mama, anasema mu chumba iko gazi."

"Gazi wapi? Moshi iko? Harufu iko? Nilingoja makala ikaiva pale inje mpaka ikakuwa nyeupe."

"Anasema ile gazi haina harufu."

Kikaja kicheko cha kweli, cha mtu aliyefurahishwa. "Haina moshi, haina harufu, haionekane. Sasa yeye aliijua namna gani? Bwana yako ni mulozi?"

Hata binti yangu alicheka. Halafu akasema, kwa sauti nzito ya mtu aliyeamshwa, "Kambo, kichwa inaniluma." Kambo ndivyo tunavyowaita bibi zetu.

"Ni maziwa inapanda. Lala."

Niligonga mlango kwa kidole kimoja. "Muulize mtoto yuko namna gani," nilimwambia mke wangu.

"Mutoto analala muzuri sana," sauti ya mama mkwe wangu ikajibu, ikielekezwa ukutani. "Ata halie."

Nimesikia kiwandani ripoti nyingi mbaya, na hakuna iliyonitia baridi kama sifa ile.

Nilifanya yaliyokuwa ndani ya mipaka yangu. Nilizunguka uani, nikasimama kando ya dirisha na uso wangu umegeukia ukuta wa jirani, nikapenyeza mkono, nikaanza kuivuta ile pagne kutoka kwenye vioo. Ilikuja kidogo, kisha ikakaza. Alikuwa ameushika upande wa pili. Tulibaki hivyo, mimi na mama wa mke wangu, kila mmoja na ncha yake, hatuonani, hatusemi. Mwanaume hanyang'anyani kitu na mama mkwe. Niliiachia, nayo ikarudi ndani taratibu. Usiku ule nilikesha kwenye korido mpaka makaa yalipofifia na kifaa kikanyamaza.

Kesho yake nilimpa mke wangu kipima-gesi akiingize, ili mama yake aone namba kwa macho yake. Kililia kwa nguvu mle ndani, kichanga kikashtuka na kulia nacho, na muda mfupi baadaye kifaa kikatolewa kimeviringishwa katika kitenge kama kitu kilichokufa. Kitu kinachopiga kelele za msiba penye mtoto ambaye kitovu chake hakijaanguka, niliambiwa, kisirudi tena.

Mkwe wangu alifika jioni hiyo, vumbi jekundu la Kamatanda bado kwenye nyusi. Nilimweleza kila kitu. Ni kijana wa akili, na gesi hakuitilia shaka hata kidogo.

"Papa, ile tunaijua. Ku mashimo, hewa mubaya inauaka bantu. Shiye tunashusha buji na kamba. Buji ikizimika, hakuna muntu anashuka. Tumupatie Kambo buji. Akiona inazimika, ataamini."

"Si gesi ileile," nilisema. "Mshumaa huzimika pale hewa ya kupumua imekwisha. Hii huua mtu na mshumaa ukiwaka vizuri pembeni yake."

Lakini alikuwa amekwisha kuuwasha, na mke wangu, aliyechoka kubeba maneno kati yetu, aliupokea kama mtu anayepokea suluhu. Mlango ukafungwa. Tukasimama wanaume wawili kwenye korido, mmoja akinong'ona jina la Yesu, mwingine akijua.

"Mwone!" Sauti ilitujia na furaha yote ya ushindi. "Buji inawaka! Inasimama wima sawa sodá ya jeshi! Ambia bwana yako na ule mukwe yake bakuye balete ingine!"

Mkwe wangu alinitazama kwa huzuni ya mtu aliyetoa ushahidi kwa nia njema na kuona umemtia mwenzake gerezani. Tangu siku hiyo hoja yangu ilikuwa imekwisha. Mshumaa unaowaokoa wachimbaji ulikuwa umesema hakuna kitu.

Aliyepata njia ni mke wangu, na ni njia ambayo hadi leo sijui niiweke wapi katika maadili yangu. "Mama hawezi funga mulango juu ya maombi," alisema. "Mukwe yako aombe hapa, mulango wazi, baraka iingie." Kwa hiyo mimi, niliyekuwa nikilalamika kwa miaka juu ya urefu wa sala za watu wake, nilimwomba mkwe wangu aje asubuhi kabla ya kwenda kazini, na jioni akirudi, asali mlangoni asiwe na haraka. Pazia lilining'inia, mlango ukiwa wazi nyuma yake. Mama mkwe wangu, Mkatoliki wa tangu ubatizo, alivumilia makelele yale kwa sababu ni makelele ya Mungu. Mkwe wangu aliwaombea mtoto, mama, mababu wasamehewe, watawala wa nchi, madereva wa malori, bei ya shaba. Mimi nilisimama mbali kidogo na kifaa nikiwa nimekiziba spika kwa kidole gumba, nikitazama namba ikishuka. Ilipokaribia mwisho wa sala nilimfanyia ishara: endelea. Naye akakumbuka wajane.

Sala iligeuzwa kuwa dirisha. Nilijua kwamba si haki kumtumia Mungu kama kioo cha kukunja, na nilijua pia kwamba nisipomtumia hivyo nitazika.

Kisha ikaja Jumapili, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeifikiria. Mkwe wangu alikuwa kanisani kwao tangu kabla ya jua, kwa kuwa siku hiyo ndiyo wanayosali kwa bidii. Mke wangu alikwenda misa ya kwanza. Mimi nilikuwa wa misa ya pili. Mama mkwe wangu aliwasha mbabula uani, akangoja, akanusa, makaa yakaiva, akayaingiza kwa ajili ya kuogesha. Nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Kwenye korido kifaa kilianza, na safari hii hakikupanda hatua kwa hatua. Kilikwenda moja kwa moja kwenye ule mlio wa pili, usio na mapumziko.

Niligonga. "Mama," nilisema, neno ambalo sikuwahi kumwambia mwenyewe. "Mama, tafadhali, fungueni."

Hakujibu. Lakini hakuwa amewahi kunijibu hata siku moja, na hapo ndipo niliposimama na akili yangu yote na vitabu vyangu vyote: kimya kile kingeweza kuwa adabu, na kingeweza kuwa gesi, nami sikuwa na kipimo cha kunionyesha tofauti.

Nikamwita binti yangu. Sauti ikaja kutoka karibu na sakafu. "Papa... usiingie. Sijavaa." Kisha beseni likapinduka, na maji yakatokea chini ya mlango, yakaloanisha ile pagne na viatu vyangu vya misa.

Niliupa mlango mgongo. Niliusukuma kwa mabega, pagne ikakwama, nikasukuma tena, ukafunguka, nikabaki nimesimama kizingitini na uso wangu kwenye ukuta wa korido, nikipiga kelele kumwita jirani wa kike ng'ambo ya ua. Alikuja mbio na unga mikononi, akaingia kwa mlango wa uani. Nilisikia visigino vikiburutwa kwenye saruji. Nilisikia mtu akitapika. Nilisikia hatua za mama mkwe wangu zikipita na kuyumba, mkono wake ukipapasa ukuta, na kila kiungo cha mwili wangu kilitaka kugeuka kumshika asianguke na mtoto, na sikugeuka. Halafu, nje, kwenye baridi, kichanga kikalia. Kililia sana. Niliuegemea mwimo wa mlango nikasikiliza.

Walipata nafuu kwa hewa tu, kabla mke wangu hajarudi. Ndiyo tabia ya gesi ile inapokuachia: haiachi alama ya kumwonyesha mtu. Tuliwapeleka zahanati. Muuguzi aliwapima homa, akasema mzazi amekosa damu, jambo la kawaida, akatoa dawa ya maji ya kuongeza nguvu. Nilimvuta kando nikamwambia ni moshi usioonekana, damu yao ipimwe.

"Chef," alinijibu kwa upole, "hapa tuko na termometre na vidonge. Ile damu unasema, hatuna ya kuipimia."

Na nyumbani mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kupata maelezo yake. Walikuwa wazima, mlango ukavunjwa, upepo wa baridi ukaingia ghafla ukawapiga kichwani wote watatu wakiwa na maji mwilini. Mpangilio wa matukio haukupingana naye kwa waziwazi: binti yangu alianguka karibu kwa wakati uleule mlango ulipofunguka, na aliyekuwa ndani, kichwa kikizunguka, asingeweza kusema kipi kilitangulia. Aliyevunja buko ni mimi. Mke wangu alipeleka kwa mama yake pagne mpya na kuku jike kwa niaba yangu, navyo vikapokelewa bila chuki. "Ambia bwana yako nimemusamehe," mama mkwe wangu alisema. "Anasoma mingi."

Kitovu kilianguka katikati ya wiki. Chumba kikafunguliwa, mbabula likarudi uani, na mama mkwe wangu akarudi ziwani akiwa ameacha mtoto mnene na nyumba safi. Mimi nilirudisha kifaa kiwandani mwisho wa zamu. Mwenzangu alikipitisha mbele ya chupa ya gesi, kikalia papo hapo, akakitundika mahali pake.

Mjukuu wangu sasa anakimbia. Ni mwerevu, ana sauti kubwa, na anapanda juu ya kila kitu kinachopandika. Binti yangu ana mimba ya pili, itakayofika ukomo wake katika baridi inayokuja, na Jumapili iliyopita nilikaa naye uani baada ya chakula nikaanza, kwa utaratibu, kumweleza tena: moto, hewa, damu, harufu ambayo haipo. Alinisikiliza kwa heshima. Nilimlea vizuri.

"Papa," alisema nilipomaliza, "muangalie ule mutoto. Si njo mu ile moto alitokea? Iko na nini?"

Nilimtazama. Alikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono hewani, anaimba. Alianguka, akainuka, akatucheka.

"Kambo ameshatuma habari," binti yangu aliendelea. "Atakuya mbele ya baridi ianze. Anauliza kama chumba ni kile kile."

Ningeweza kusema kwamba waliopona hawathibitishi kitu, kwamba anayepaswa kuulizwa ni yule ambaye hakuamka. Maneno hayo nayasema kila asubuhi mbele ya watu wazima wenye kofia ngumu, na wanaitikia. Lakini mtoto alikuwa akinijia mbio, amenyoosha mikono, mzima kabisa, na kila hatua yake ilikuwa hoja dhidi yangu ambayo sikutaka ishindwe.

"Papa, unasema nini?"

Nilisema namshukuru Mungu kwamba mtoto ni mzima. Ilikuwa kweli, naye akaichukua kuwa ndiyo, chumba ni kile kile.